Barua Niliyoiandika Mara Mbili

Kazi ya katibu wa kamati ya msikiti ni kuyaweka katika maandishi yale ambayo wengine wameyasema. Huandika kumbukumbu za vikao, matangazo ya Ijumaa, orodha ya waliotoa sadaka ya ujenzi, na barua nyingi za kuomba. Barua za kukataa ni chache. Katika miaka yangu ya utumishi nimeandika moja tu, na hiyo moja nimelazimika kuiandika mara mbili. Naomba, ndugu msomaji, nikusimulie kisa chake, kwa sababu naamini familia nyingi za Kiislamu, si za huku kwetu Manyara peke yake, zitakutana na jambo kama lile ikiwa hazijakutana nalo tayari.

Ilikuwa mwezi wa Shaaban mwaka 1445 Hijria, yaani mwanzoni mwa 2024. Taasisi moja ya hisani yenye makao yake ng'ambo, kwa kupitia asasi inayoshirikiana nayo hapa nchini, iliwaandikia viongozi wa misikiti na makanisa katika Wilaya za Mbulu na Hanang. Ilikuwa tayari kufadhili mradi wa miaka mitatu. Msikiti wetu, ulio chini ya Mlima Hanang, ungepata kitalu cha miche, tangi la kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye paa, na uzio wa kuilinda chemchemi inayotegemewa na kitongoji kizima. Hilo lilikuwa fungu la kwanza. Fungu la pili lilieleza kwamba watakaopokea fedha hizo watashiriki katika elimu ya idadi ya watu, maana yake vikao vya uzazi wa mpango kwa wanandoa wa msikitini, na kwamba kila baada ya miezi mitatu kamati itapeleka taarifa ya idadi ya wanawake waliojiunga na njia za kupanga uzazi.

Tuliitwa Katesh kwenda kuelezwa. Mtoa mada alikuwa kijana wa rika langu, msomi na mstaarabu wa maneno. Alituonyesha kwamba katika sensa ya 1967 Watanzania walikuwa takriban milioni 12.3, na katika sensa ya 2022 walihesabiwa 61,741,120. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa na watu 1,425,131 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye ukawa na watu 1,892,502. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Kisha akatuwekea ukutani picha ya mji wa Katesh uliofunikwa na matope, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Ilikuwa haijatimia miezi mitatu tangu asubuhi ya Desemba 3, 2023, siku ambayo maji, mawe na magogo yaliteremka kutoka mlimani na kuua watu zaidi ya 80. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosaidia kuosha maiti na kuchimba makaburi. Serikali ilieleza baadaye, kwa kuwanukuu wataalamu wake, kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi, ikashindwa kuhimili na kumeguka. Hakuna aliyesema kwamba mlima ulimeguka kwa sababu wanawake wa Hanang wanazaa sana. Kuwaona marehemu wale wakitumiwa kuwa hoja dhidi ya watoto kulinichoma moyo, na nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha kuamua.

Usiku uliofuata kamati ilikutana baada ya swala ya Isha. Mzee wetu mmoja, Mrangi wa Kondoa, ndiye aliyefungua mazungumzo. Alitukumbusha habari ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden. Milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondoka katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Mzee hakukana kwamba nyasi zilirudi, miti ikachipua na makorongo yakatulia. Alisema tu kwamba maziwa ya watoto na samadi ya mashamba viliondoka pamoja na ng'ombe, na kwamba miaka mingi ilipita kabla watu hawajaruhusiwa kufuga tena, tena kwa kulisha zizini. "Waliwaondoa ng'ombe ili ardhi ipone," alisema. "Leo wanakuja kuwaondoa nani?"

Mwingine akaleta habari za huku huku Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Takriban ekari 100,000 za malisho ya Wabarbaig ziligeuka ngano, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na matrekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, kisha Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu ile. Basi mzee akauliza swali ambalo mpaka leo nalibeba: anayesema kwamba ardhi ya Hanang imekuwa ndogo kwa sababu ya watoto wetu, je, amezihesabu na zile ekari?

Nami nikaongeza niliyoyasoma chuoni. Nikawaeleza kwamba taasisi tajiri za Marekani zilianza kujishughulisha na idadi ya watu wa nchi nyingine zamani, na kwamba John D. Rockefeller wa tatu aliasisi Baraza la Idadi ya Watu mwaka 1952. Nikawaeleza yaliyotokea India kati ya 1975 na 1977, wakati wa hali ya hatari, ambapo mamilioni ya watu walifungwa uzazi, wengi wao masikini, wakishurutishwa au kurubuniwa, kwa sababu maofisa walikuwa wamepewa idadi ya kufikisha. Ndiyo maana mkutano wa Cairo wa mwaka 1994 uliyaacha malengo ya kuhesabu vichwa na kusisitiza haki na afya ya mtu mwenyewe. Na tazama, nikasema, sisi leo tunaombwa tupeleke idadi.

Kikao kilikubaliana kwa kauli moja. Nikapewa kazi ya kuandika. Niliandika kurasa mbili kwa Kiswahili kizuri, nikanukuu aya tatu, na nikahitimisha kwa kusema kwamba Uislamu ni mfumo kamili wa maisha, umekwisha kufundisha kila linalohusu ndoa na uzazi, na kwa hiyo hatuhitaji mwalimu kutoka nje. Nikaipiga mhuri. Nakiri kwamba niliisoma mara mbili kwa kuifurahia.

Barua ile ililala juu ya meza yetu, na mke wangu akaisoma. Yeye hufundisha watoto katika madrasa, na mwandiko wangu anaujua. Alipomaliza aliikunja vizuri akaniambia, "Barua nzuri, Katibu." Huniita Katibu pale tu anapokuwa na neno. Kisha akasema, "Umewaambia wageni kwamba Uislamu umekwisha kufundisha kila kitu kuhusu uzazi. Basi na mimi nifundishe."

Sikuwa na la kusema. Tuna watoto wanne. Wa pili na wa tatu wamepishana miezi kumi na minne. Alipojifungua wa tatu alitokwa na damu nyingi, akakimbizwa hospitali usiku kwenye barabara iliyokatika kwa mvua, na damu aliyoongezewa ilitoka kwa majirani, Waislamu na Wakristo. Kabla ya mimba ya nne alikuwa ameniuliza mara mbili kama dini inaturuhusu tupumzike kidogo. Mara zote mbili nilimjibu kwamba riziki ni ya Mungu, nikageukia upande wa pili wa kitanda. Jibu lile lilikuwa neno la kweli lililowekwa mahali pasipo pake. Yeye aliuliza habari za mwili wake, mimi nikamjibu habari za chakula.

Usiku ule nilifungua madaftari yangu ya chuo. Nilipata alama nzuri katika mtihani wa tafsiri ya Suratul Baqara, na aya ya 233 naijua kwa moyo. Inafundisha kwamba mama humnyonyesha mtoto miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, na kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mapema, wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi na kuifundisha, na sikuwahi kusita pale penye kushauriana. Ikiwa Mwenyezi Mungu amewaamuru mume na mke washauriane katika kumwachisha mtoto ziwa, vipi mume ataona kwamba mimba inayofuata ni jambo lisilohitaji ushauri?

Nikaendelea. Jabir bin Abdullah (r.a.) amesimulia kwamba Masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kuzuia mbegu isifike, katika zama ambazo Qur'an ilikuwa ingali ikiteremka, na hawakukatazwa. Wanazuoni wengi wakashurutisha kwamba mume asifanye bila ya ridhaa ya mkewe. Imamu Ghazali aliona kwamba inafaa hata kwa kuhofia mashaka ya kuelemewa na mzigo wa familia. Katika zama zetu, Sheikh Mahmud Shaltut, aliyekuwa Sheikh wa Al-Azhar kuanzia 1958 hadi 1963, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kuweka sheria ya kuwalazimisha watu wote wazae idadi fulani alikukataa. Ama mume na mke kupanga uzazi kwa sababu mama hushika mimba upesi upesi, au ana maradhi, au nguvu zake haziwatoshi watoto, hilo alilikubali. Ni mke wangu yule aliyekuwa akizungumziwa, na kitabu kilikuwa rafuni kwangu.

Mipaka nayo iko wazi, wala sikutaka kuipunguza. Kutoa mimba si kupanga uzazi. Kufunga kizazi moja kwa moja bila ya dharura ya kitabibu wanazuoni hawakukuruhusu. Suratul Israa, katika aya ya 31, inakataza kuwaua watoto kwa kuogopa ufukara, na mwenye kudhani kwamba yeye ndiye mruzuku amekosea katika itikadi kabla hajakosea katika fiqhi. Hadithi inayohimiza kuoa wanawake wenye mapenzi na wenye kuzaa ni ya kweli, na mzee mmoja aliitaja kikaoni. Lakini Mtume (s.a.w.) atakayejifaharisha kwa wingi wa umma wake Siku ya Kiyama ndiye aliyetufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya anaowachunga. Mama anayezikwa akiwa na umri wa miaka thelathini na mbili huwaacha watoto wake katika mikono ya mchunga huyo, na huko ndiko swali litakakoelekezwa.

Wala elimu hii haikuwa ngeni kwa bibi zetu. Wao walikuwa na neno la kubemenda, na ole wake baba aliyesemwa kwamba amembemenda mwanawe, maana mama ameshika mimba nyingine kabla ya mtoto kuacha ziwa. Walilieleza kwa namna yao, lakini hekima ndani yake ni ile ile ambayo Shirika la Afya Duniani huitoa leo linaposhauri kwamba baada ya kujifungua ipite angalau miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Sisi wasomi tulilicheka neno la bibi zetu, tukalitupa, na mahali pake hatukuweka kitu.

Hapo nikaelewa kosa la barua yangu. Shaka zetu juu ya fedha zile zilikuwa za haki, na sizifuti hata moja. Lakini nilikuwa nimeitumia haki hiyo kufunika upungufu wangu. Pengo waliloliona wageni lilikuwapo kweli. Sisi ndio tulioliacha wazi, kisha tukakasirika mtu alipochungulia.

Nilizitafuta pia habari za watu wengine waliopelekewa fedha za namna hii, nipate kujua kama fungu la miti na fungu la uzazi huweza kukaa pamoja bila ya kudhulumu. Nilisoma juu ya mradi wa HoPE-LVB katika Bonde la Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, ulioanza mwaka 2011 chini ya Pathfinder International na asasi za wenyeji, kwa fedha za taasisi za MacArthur na Packard za Marekani pamoja na USAID. Huko wavuvi na wakulima waliunganisha ulinzi wa mazalia ya samaki, upandaji wa miti na huduma za mama na mtoto, na kaya zilizofanya vizuri zikawa mfano kwa majirani. Mradi wa Tuungane, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, umekwenda njia hiyo hiyo. Mtu mwadilifu hawezi kusema kwamba yote hayo ni njama. Mwanamke wa kisiwani anayetembea kwa mtumbwi kufuata mkunga anahitaji huduma, awe Mwislamu au asiwe.

Lakini mifano iliyonigusa zaidi ilikuwa miwili. Wa kwanza uko hapa hapa wilayani Mbulu, katika bonde la Yaeda. Wahadzabe walipata mwaka 2011 hati ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na baada ya ardhi kuwa yao ndipo wakaanza kulipwa kwa kuutunza msitu wao, kupitia biashara ya hewa ya ukaa inayosimamiwa na Carbon Tanzania. Haki ya ardhi ilitangulia, fedha zikafuata. Wa pili ni kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, ambacho kilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998. Wavuvi wa pale wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alitaka msala wa kuswalia, na kwa kuwa kisiwa kimeelekea Kibla akakifanya kuwa msala wake. Miaka iliyofuata, masheikh wa Pemba walishirikiana na asasi ya CARE na wanazuoni wa taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Uingereza, wakawafundisha wavuvi uhifadhi kwa kutumia Qur'an na Sunna. Fedha zilitoka nje, lakini fundisho lilitoka mihrabuni.

Nasi fundisho hilo tunalo. Mtume (s.a.w.) aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe. Akatufundisha kwamba anachokula mtu, ndege au mnyama katika mti uliopandwa na Mwislamu ni sadaka kwa aliyeupanda, na kwamba mwenye mche mkononi aupande hata kama Kiyama kinasimama. Na Umar bin Khattab (r.a.) alipotenga hima, yaani malisho yanayohifadhiwa, alimwagiza mlinzi wake Hunayy amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na aizuie mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao wawili, alisema, mifugo yao ikiangamia wana mashamba na mitende ya kurejea, lakini masikini mifugo yake ikifa atamjia Khalifa pamoja na watoto wake. Ukiyaweka maneno hayo kando ya habari za Kondoa na Basotu utaona tofauti. Hifadhi ya Umar ilianza kwa kumwingiza masikini, na huku kwetu mara nyingi huanza kwa kumtoa.

Nilirudi kwenye kamati, nikaomba barua isipelekwe. Haikuwa rahisi. Nilieleza sababu zangu, na ya nyumbani kwangu nikaigusa kwa kadiri adabu inavyoruhusu. Nikaomba pia jambo ambalo halikuwahi kufanyika msikitini kwetu, kwamba akina mama wawili waje wasikilizwe. Walikuja, wakakaa nyuma ya pazia. Mmoja wao, mama wa makamo, alisema maneno machache: "Nyinyi mmejadili usiku mbili kama tuzae au tusizae. Mimi nimezaa tisa na kuzika watatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza." Imamu aliinamisha kichwa. Yule mzee wa Kondoa naye alinyamaza muda mrefu, kisha akasema kwamba barua iandikwe upya.

Barua ya pili ilikuwa ya ukurasa mmoja. Tulishukuru. Tulisema kwamba kitalu, tangi na uzio tunavikubali, na kwamba karibu na chemchemi tutapanda mikuyu na miringaringa, si mikaratusi inayokunywa maji. Tulisema kwamba elimu ya afya ya mama na kupanga uzazi tutaitoa wenyewe, kwa mipaka ya dini, akina mama wakifundishwa na muuguzi Mwislamu na akina baba wakifundishwa na kamati. Na tulisema kwamba hatutapeleka idadi ya wanawake kwa mtu yeyote, kwa kuwa anachoamua mume na mkewe kwa kuridhiana ni amana yao, na si mazao ya mradi.

Jibu lilikuja baada ya majuma matano, kwa lugha ya upole. Mafungu mawili hayatengani, walisema, kwa kuwa ndivyo wafadhili walivyopitisha bajeti, na bila ya taarifa za idadi fedha haziwezi kutoka. Walitutakia kheri.

Siku ile ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Mmoja wetu, kijana mwenye nia njema, alishauri tukubali kisha taarifa tuzijaze wenyewe. Nani atakayekwenda kuhesabu? Tangi lingekuwa letu, na kalamu iko kwa Katibu. Nilifikiri juu ya akina mama wanaobeba ndoo mwezi wa Septemba, chemchemi inapobaki uzi mwembamba wa maji. Nilifikiri kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Lakini tangi linalojengwa kwa uongo litatoa maji ya udhu, na mimi ndiye nitakayekuwa nikijua kila ninaposhika birika. Tukaliacha.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sina ushindi wa kukusimulia. Tangi hatuna. Uzio wa chemchemi ni wa miti ya miiba tuliyoikata wenyewe. Kitalu chetu ni viriba vilivyojazwa udongo na samadi, vikiwa kwenye kivuli nyuma ya madrasa, na watoto ndio humwagilia baada ya darasa. Tumepatana kwamba familia ikifanya akika ya mtoto ipande mche kwenye eneo la chemchemi na kuutunza. Eneo lile mwenyewe ameliweka wakfu. Katika miche 200 tuliyoipanda kwa mvua za Desemba 2024, iliyovuka kiangazi haikufika nusu. Mbuzi waliila mingine, na mingine ilikauka kwa uzembe wetu. Tumepanda tena.

Wengine hutuambia kwamba tulikuwa wajinga. Huenda. Lakini mwaka 2025 tuliona serikali ya Marekani ikisimamisha misaada yake na kulifunga shirika la USAID, na miradi ya miaka mingi katika nchi nyingi ikasimama kwa siku chache. Chemchemi haiwezi kutegemea kura inayopigwa ng'ambo. Sisemi kwamba msaada ni haramu. Ningekuwa mwongo, kwa maana hata bati la msikiti wetu ni la msaada. Nasema kwamba anayepokea awe na chake cha kuanzia, ili mgeni akiondoka kazi isiondoke naye.

Darsa za afya ya mama zilianza baada ya Idi. Siku ya kwanza walikuja akina mama kumi na mmoja. Ya akina baba ilihudhuriwa na watatu, na mmoja wao alikuwa muadhini aliyekwisha kuwapo msikitini. Sasa tunakuwa wengi zaidi. Mume mmoja kutoka upande wa Dongobesh alinisubiri nje baada ya darsa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli inafaa kumuuliza mke anachotaka. Nilimjibu kwamba inafaa, na kwamba mimi mwenyewe nilichelewa kuuliza.

Mtoto wetu wa nne ametimiza miaka mitatu. Mama yake amerudi madrasa, na rangi ya uso wake imerudi pia. Barua zote mbili nimezihifadhi katika faili la kamati, ya kwanza ikiwa na mhuri wake ambao haukuwahi kutoka mlangoni. Katibu atakayenifuata ataziona, na atachagua mwenyewe ni ipi ya kujifunzia uandishi na ni ipi ya kujifunzia dini.

Mwenyezi Mungu azirehemu roho za ndugu zetu waliofukiwa chini ya mlima, awape mama zetu afya na watoto wetu elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wachunga watakaokuwa na majibu siku ya kuulizwa. Amin.